Nyumba Njema si Mlango: Thomas Hardy na Nyumba ya Max Gate

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Methali hii twaitumia aghalabu kwa maana yake ya mbali, tunapowaonya watu wasihukumu tabia kwa sura; ni mara chache tunapoitumia kwa maana yake ya karibu, yaani juu ya nyumba yenyewe, kuta zake, ngazi zake na vyumba vyake. Katika makala haya nataka kuirudisha methali nyumbani kwake. Nyumba ninayoikusudia ni ya matofali mekundu, si kubwa wala si ya fahari, iliyojengwa nje kidogo ya mji wa Dorchester, katika jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza, wakati wa enzi ya Malkia Victoria. Jina lake ni Max Gate. Aliyeichora ramani yake ni Thomas Hardy (1840–1928), mtunzi wa riwaya na mshairi, naye aliishi humo tangu mwaka 1885 hata siku ya kufa kwake.

Wasomaji wamjua Hardy kwa riwaya zake za mashambani, kama The Woodlanders, Tess of the d'Urbervilles na Jude the Obscure. Humo twakuta vibanda vilivyoezekwa kwa majani, makanisa ya kale, ghala za nafaka na njia za wachungaji, na vyote vimeelezwa kwa jicho la mtu ajuaye kila jiwe limewekwaje juu ya jingine. Kwa sababu hiyo wageni waliomwendea Max Gate walipigwa na mshangao. Walitazamia kibanda cha kale kilichofunikwa na mimea itambaayo. Wakakuta nyumba ya kisasa, kama ambayo mfanyabiashara yeyote aliyefanikiwa angaliweza kujijengea pembezoni mwa mji. Wengi walisema haipendezi, na wengine wakasema ina giza na huzuni. Hukumu hiyo imerudiwa mara nyingi hata imekuwa kama desturi ya kila aandikaye juu ya Hardy.

Sisemi kwamba hukumu hiyo ni ya uongo. Nasema imetolewa mlangoni. Nyumba, kama kitabu, yataka kusomwa ndani: yatupasa kuuliza chumba gani kilijengwa kwanza na kipi kiliongezwa baadaye, nani alikaa wapi, na kwa nini. Tukiisoma Max Gate hivyo, twaona kwamba inasema waziwazi jambo ambalo mwenyewe alijitahidi kulificha katika maandishi yake juu ya maisha yake. Hardy alijua kujenga nyumba ya kazi, na kila kazi yake ilipokua aliijengea nafasi. Lakini ndoa yake hakuijengea nafasi, na alipotambua hasara hiyo, mwenziwe alikuwa amekwisha kuzikwa. Mashairi yake yaliyo bora sana yalitoka katika utambuzi huo.

Huenda msomaji akauliza: yafaa nini kwa mhakiki wa fasihi kuchungulia nyumba ya mtunzi? Je, kazi yetu si maneno yaliyoandikwa? Swali hili ni la haki, na kwa watunzi wengi ningalikubali kwamba nyumba zao ni jambo la watalii. Kwa Hardy mambo ni mengine, kwa sababu kabla ya kuwa mwandishi alikuwa msanifu wa majengo. Baba yake alikuwa mwashi. Mwaka 1856, akiwa kijana wa miaka 16, alitiwa katika kazi ya John Hicks, msanifu wa majengo wa Dorchester aliyeshughulika sana na kutengeneza makanisa. Na tangu 1862 hata 1867 alifanya kazi London katika ofisi ya Arthur Blomfield. Alijifunza kupima, kuchora na kukadiria uzito wa kuta kabla hajauza hata ukurasa mmoja wa riwaya.

Tena, yeye mwenyewe ndiye aliyeunganisha kazi hizi mbili. Kitabu cha maisha yake kilitolewa kwa mafungu mawili, mwaka 1928 na 1930, kwa jina la mke wake wa pili, Florence, ingawa sehemu kubwa aliiandika Hardy mwenyewe. Humo yaelezwa kwamba mizani ya mashairi yake, ambayo wahakiki waliilaumu kuwa haikunyooka, ilitokana na kanuni aliyojifunza katika majengo ya Kigothi: kwamba kazi isiyolingana sawasawa, ikiwa imefanywa kwa kusudi na ujuzi, ina uhai kuliko kazi iliyopigwa msasa hata ikawa laini pande zote. Mtu asemaye hivyo ametualika sisi wenyewe tuyaweke mashairi yake na majengo yake pamoja mezani.

Na tuanze, basi, na mahali alipotoka. Hardy alizaliwa tarehe 2 Juni 1840 katika kibanda cha Higher Bockhampton, mwendo wa maili tatu hivi kutoka Dorchester. Kibanda hicho kilijengwa na baba wa babu yake mnamo mwaka 1800, kwa kuta za udongo uliochanganywa na majani makavu, na paa la kuezekwa. Kwetu si lazima kueleza sana ujenzi wa namna hiyo. Yeyote aliyepata kuona nyumba ya udongo na makuti ajua ubora wake na ajua pia shida zake. Nyumba ya namna hiyo ina joto lake na harufu yake, na yataka kutengenezwa kila mara. Nayo katika nchi ya Waingereza wa karne ya 19 ilikuwa alama ya watu wa daraja la chini.

Kutoka kibanda hiki hata Max Gate mtu aweza kwenda kwa miguu asubuhi akarudi kabla ya adhuhuri. Lakini kwa hesabu ya vyeo, safari hiyo ilimchukua Hardy miaka 45. Mke wake wa kwanza, Emma Gifford, alikuwa binti wa mwanasheria, na katika ukoo wake walikuwamo wakuu wa kanisa. Hardy alikuwa mwana wa mwashi, na mama yake kabla ya kuolewa alikuwa mtumishi wa nyumbani. Watu wa namna yake walipopanda daraja walihitaji nyumba itakayowaambia wapitao njiani kwamba aliyemo ndani ni bwana mwenye kazi ya kalamu. Ndiyo sababu, nadhani, hakujijengea kibanda. Wageni waliotaka kukikuta kibanda walikuwa watu ambao hawakupata kulala chini ya paa la majani kwa lazima.

Kiwanja alikipata katika ardhi ya milki ya Cornwall, ambayo ni mali ya mrithi wa kiti cha ufalme. Kazi ilianza mwishoni mwa 1883. Ramani aliichora mwenyewe, na waliojenga walikuwa baba yake na ndugu yake, Henry, wenye kazi ya uashi. Jambo hili halijatiliwa maanani ya kutosha. Mwana akaa mezani na kalamu, baba apandisha tofali juu ya tofali kwa kufuata mistari ya mwanawe. Na nyumba inayojengwa ni ile itakayomtenga mwana na daraja la baba. Miaka kumi baadaye, mwaka 1895, Hardy alitoa Jude the Obscure, habari za mwashi anayechonga mawe ya vyuo ambavyo yeye mwenyewe hawezi kuingia. Watu wamezoea kuitafuta asili ya Jude katika mji wa Oxford. Mimi naona sehemu moja ya asili hiyo ipo karibu zaidi, katika uwanja wa ujenzi ambao mtunzi alisimama upande wa wenye ramani.

Hata jina la nyumba lina habari hiyo hiyo. Karibu na kiwanja palikuwa na lango la kutozea ushuru wa barabara, na mlinzi wake aliitwa Henry Mack. Watu wa pale wakapaita Mack's Gate, yaani lango la Mack. Hardy alilichukua jina hilo akaliandika Max Gate, na kwa mzaha akaligeuza kuwa Kilatini, Porta Maxima, lango lililo kuu. Mzaha huo haukuondoa ukweli kwamba jina la mtoza ushuru lilivikwa joho la msomi.

Sasa tuingie ndani. Katika umbo lake la kwanza nyumba ilikuwa ndogo: ukumbi mdogo wa kuingilia, sebule upande mmoja, chumba cha kulia upande wa pili, jiko nyuma, na vyumba vya kulala juu. Pembeni mwa uso wake mna vijinara vyenye paa zilizochongoka. Madirisha hayalingani kwa ukubwa. Yamewekwa kwa kufuata haja ya vyumba, wala hayakupangwa kwa ajili ya macho ya mpita njia. Ndiyo kanuni ile ile ya kutolingana aliyoisifu katika mashairi. Tukisema kwa haki, katika matofali kanuni hiyo haikumtii kama ilivyomtii katika maneno. Ubeti wa Hardy unaokwama na kuinuka tena husikika kama pumzi ya mtu anayefikiri. Uso wa nyumba yake huonekana kama wa mtu asiyeamua. Kosa hilo halitokani na upungufu wa elimu. Ubeti aliweza kuufuta na kuuandika upya mara kumi, hali ukuta ukishasimama huwa umesimama.

Chini ya nyumba hii mna jambo la ajabu. Walipokuwa wakichimba msingi, wachimbaji walikuta makaburi ya watu wa zama za utawala wa Warumi katika Uingereza, mifupa ikiwa imelazwa ndani ya mashimo yaliyochongwa katika mwamba wa chokaa. Hardy aliandika taarifa ya uvumbuzi huo akaisoma mbele ya chama cha wapenda mambo ya kale cha Dorset mwaka 1884. Wakati huo huo alikuwa akiandika The Mayor of Casterbridge, iliyotolewa 1886, ambamo Dorchester imebadilishwa jina ikawa Casterbridge. Na humo amewaeleza wakazi wa mji ambao hawawezi kuchimba bustanini bila ya kumfukua askari wa Kirumi aliyejikunja katika shimo lake. Msomaji asiyejua habari za msingi wa Max Gate hudhani kwamba hayo ni mapambo ya mtunzi. Kumbe ni taarifa ya mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo la nyumba yake mwenyewe.

Wala Hardy hakuujua urefu wote wa zamani uliokuwa chini ya miguu yake. Mwaka 1987, barabara mpya ya kuuzunguka mji ilipokuwa ikijengwa, waakiolojia walifukua nusu ya handaki kubwa la mviringo, lenye kipenyo cha meta 100 hivi, na nusu ya pili yaingia chini ya uwanja wa Max Gate. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba handaki hilo ni la mnamo mwaka 3200 kabla ya Kristo. Mtunzi aliyejishughulisha maisha yake yote na wafu wanaolala chini ya walio hai alikuwa amejenga ndani ya duara la wafu wa miaka elfu tano, naye hana habari.

Kiwanja kilikuwa juu, pasipo na kizuizi cha upepo. Hardy akapanda miti, zaidi ya elfu mbili, mingi yao misonobari ya Austria. Ilikuwa miche alipoanza kuandika The Woodlanders, riwaya ya mwaka 1887, na humo yumo msichana Marty South, ashikaye miche ya misonobari wakati inapopandwa, akasikia kana kwamba inaanza kupumua kwa huzuni mara inaposimamishwa. Miche ya Max Gate ikakua. Ikaizunguka nyumba kama ukuta wa pili, ikazuia upepo na macho ya wapitao, na mwishowe ikazuia na mwanga. Wageni walilalamika juu ya giza, lakini Hardy hakupenda miti yake ikatwe. Hapa twaiona tabia yake: huruma kwa kiumbe asiyeweza kusema, na pamoja nayo tamaa ya kujificha. Aliweza kusikia miti ikiugua. Jambo la kusikitisha ni kwamba kulikuwa na mtu ndani ya nyumba ambaye kuugua kwake hakukusikiwa vivyo hivyo.

Tuutazame sasa ukuaji wa nyumba, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Hardy alikuwa na vyumba vitatu vya kuandikia, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kilikuwa juu ya sebule, na humo aliandika The Woodlanders. Kisha akahamia chumba cha nyuma, kielekeacho magharibi, na humo ikaandikwa Tess, iliyotoka 1891. Katikati ya miaka ya 1890 nyumba iliongezwa kwa nyuma, likajengwa jiko jipya na juu yake chumba cha tatu cha kuandikia. Humo alifanyia kazi ya ushairi baada ya kuacha riwaya: mashairi mengi mafupi, na tamthilia yake kubwa ya kishairi, The Dynasts, iliyotolewa kwa mafungu matatu baina ya 1904 na 1908. Kila hatua ya kazi ilipata chumba chake. Fedha za riwaya ziligeuka matofali, na matofali yakageuka nafasi ya kuandika vitabu vingine.

Na Emma je? Juu kabisa, chini ya paa, vimo vyumba viwili vidogo, na ngazi ya kuviendea ni nyembamba. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 Emma alihamia huko, akalala huko, akasoma na kuandika huko. Katika barua ya mwaka 1899 alivieleza vyumba hivyo kuwa ni kimbilio na faraja yake. Neno kimbilio lataka kufikiriwa. Mtu hakimbilii mahali ila amekimbia pengine; na nyumba aliyoikimbia ilikuwa ile ile, ngazi moja chini.

Nisije nikamdhulumu Hardy, wala nisije nikamfanya Emma kuwa mnyonge asiye na hiari. Ndoa yao, iliyofungwa 17 Septemba 1874, haikujaliwa watoto, na ilikwisha kupoa kabla ya mwisho wa karne. Emma aliyachukia mafunzo ya Jude the Obscure, ambayo aliona yanaipiga vita ndoa na dini. Ukoo wa Hardy naye hawakupatana. Na wako wageni waliosema kwamba mazungumzo yake yaliwachosha. Kwa upande wake, Emma aliwahi kumsaidia mumewe kunakili miswada, naye baadaye akaona kwamba msaada wake umesahauliwa. Isitoshe, darini alikuwa na kazi yake. Mwezi Januari 1911 alimaliza kuandika kumbukumbu za ujana wake, ambazo zilikuja kuchapishwa mwaka 1961, na katika 1911 na 1912 alichapisha vijitabu viwili vya mashairi na nathari kwa gharama yake. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na waandishi wawili, mmoja juu ya jiko na mmoja chini ya paa. Dunia ilipanda ngazi ya kwanza tu.

Asubuhi ya tarehe 27 Novemba 1912 mtumishi alimwita Hardy apande juu. Emma alikuwa katika hali ya kukata roho, na hakuweza kusema naye tena. Baada ya maziko, katika karatasi zake Hardy aliona zile kumbukumbu za ujana, zilizoeleza siku walipokutana. Aliona pia maandishi mengine, ambamo Emma alikuwa ameandika maoni yake juu ya mume wake. Hayo aliyachoma moto.

Ndipo yalipokuja mashairi ambayo kwa maoni yangu ndiyo kilele cha kazi yake. Fungu hilo, lililopewa jina Poems of 1912–13, lilitolewa 1914 likiwa na mashairi 18, na baadaye likafikishwa 21. Humo Hardy humsemesha marehemu, humlaumu kwa kuondoka bila kuaga, kisha hujilaumu nafsi yake. Mengi ya mashairi hayo hayapo Max Gate. Yapo Cornwall, mbali sana magharibi, kwenye majabali ya bahari ambako Hardy alikutana na Emma tarehe 7 Machi 1870, alipotumwa kulipima kanisa la St Juliot lililohitaji kutengenezwa. Mapenzi yao, tukumbuke, yalianza kwa kazi ya ujenzi. Machi 1913, mzee wa miaka 72, alirudi huko pamoja na ndugu yake Henry.

Kwa nini mashairi yakimbilie Cornwall? Jibu la wahakiki wengi ni kwamba mtunzi aliutamani ujana. Ni kweli, lakini mpango wa nyumba waongeza jibu la pili. Max Gate haikuwa na mahali ambapo Hardy angaliweza kumkumbuka Emma pamoja naye. Katika vyumba vya kuandikia Emma hakuwapo. Katika vyumba vya darini Hardy hakuwapo. Liko shairi moja katika fungu hilo, liitwalo The Walk, ambalo habari zake ni za nyumbani. Msemaji ameenda matembezi peke yake. Zamani pia alikwenda peke yake, kwa kuwa mwenziwe alikuwa dhaifu wa kutembea, na upweke wa njiani si mgeni kwake. Kigeni ni kile chumba kinachomngoja atakaporejea. Shairi ni fupi na maneno yake ni ya kawaida kabisa, lakini ajuaye nyumba yenyewe hulisoma kwa kutetemeka, maana huo ni ungamo wa msanifu wa majengo: kwamba chumba si kuta zake, ni mtu aliyemo.

Lugha yetu ya Kiswahili imelijua jambo hili zamani. Sisi twasema nyumba kwa maana ya jengo, na twasema nyumba kwa maana ya mume na mke na maisha yao pamoja. Mtu akisema nyumba ya fulani imevunjika, hakuna aendaye kutazama paa. Kwa neno hili moja twaweza kuieleza Max Gate vizuri kuliko wageni wote walioicheka. Nyumba ya kwanza Hardy aliisimamisha kwa kipimo na kwa matofali, akaiongeza mara kwa mara, nayo yasimama hata leo. Nyumba ya pili ilivunjika ndani ya ile ya kwanza, na nyufa zake hazikuonekana kwa nje kwa sababu misonobari ilikuwa imezuia macho.

Yuko atakayesema kwamba najenga hoja kubwa juu ya ngazi ndogo. Namjibu hivi. Hardy alikuwa mtu wa siri. Alitunga kitabu cha maisha yake kikatoka kwa jina la mkewe, akapunguza humo habari za unyonge wa jamaa zake, na mwaka 1919 alichoma barua na karatasi nyingi. Mhakiki anayetegemea karatasi peke yake anategemea zile ambazo mwenyewe alikubali zibaki. Vyumba havikuchomwa. Mpangilio wake ni ushahidi ambao Hardy hakuufuta, na labda hakujua kwamba unasomeka.

Mambo ya baadaye yaweza kuelezwa kwa ufupi. Mwaka 1914 Hardy alimwoa Florence Dugdale, ambaye ilimpasa kuishi katika nyumba ambayo mumewe alikuwa akiandika mashairi ya kumlilia mke wa kwanza. Hardy alikufa humo tarehe 11 Januari 1928. Majivu ya mwili wake yaliwekwa Westminster Abbey, London, mahali pa washairi, na moyo wake ulizikwa Stinsford katika kaburi la Emma. Florence alikufa mwaka 1937. Dada yake Hardy, Kate, aliinunua nyumba, na alipokufa mwaka 1940 akaiacha kwa National Trust, chama cha kuhifadhi majengo na mandhari. Vyombo vya chumba cha mwisho cha kuandikia vilipelekwa katika jumba la makumbusho la Dorchester, chumba hicho kikaundwa upya huko. Hivyo mtu akitaka kuona meza ya Hardy hana budi kwenda mjini, na nyumba yake imebaki bila meza, kama mwili wake ulivyobaki bila moyo.

Katika mwaka 1906 Hardy aliandika hotuba kwa ajili ya chama cha kulinda majengo ya kale, akieleza makosa ya wale waliotengeneza makanisa katika ujana wake, naye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Alisema kwa maana hii: hasara ya kupoteza umbo la jengo ni ndogo kuliko hasara ya kupoteza kumbukumbu za watu waliolitumia. Nadhani hicho ndicho kipimo cha haki kwa nyumba yake pia. Kwa kipimo cha umbo, Max Gate ni nyumba ya wastani. Kwa kipimo cha kumbukumbu, ni miongoni mwa nyumba za thamani kuu katika fasihi ya Kiingereza, na chumba chake cha thamani kuu si kile ambamo Tess iliandikwa.

Wanafunzi wetu watakapoyasoma mashairi ya 1912–13, nawashauri wachore kwanza, kwenye kipande cha karatasi, ramani ya nyumba hiyo kama nilivyoieleza: sebule, jiko, chumba juu ya jiko, kisha ngazi nyembamba iendayo darini. Wakishaichora, na waulize maswali mawili tu: ni nani aliyeipanda ngazi hiyo kila usiku, na ni nani aliyeipanda asubuhi ile ya Novemba, akiwa amechelewa. Baada ya hapo na wafungue kitabu.